Wauza maua, andikeni majina kwenye makopo

Mhariri,

Salamu kutoka Chumbageni, Tanga. Naomba kanafasi niseme na hawa ndugu zetu wanaouza maua barabarani.

Marehemu shangazi kaniachia kaktasi zake, ile mimea minene ya miiba, makopo 43 na beseni moja la miche midogo kama punje za choroko. Kila kopo lina kijiti cha plastiki kilichoandikwa jina kwa makapeni, sasa jua la Tanga si unalijua, vijiti vyote vyeupe pee, kimebaki kimoja tu kinasomeka, kile alichoandika kwa penseli.

Mpungate niliujua mwenyewe bila kuuliza mtu. Zilizobaki nikazipiga picha nikampelekea muuzaji mmoja, akanijibu zote kaktasi hizo bosi, maji kidogo tu. Haya, ahsante. Kumbe 6 kati yake wala si kaktasi, ni ndugu zake mnyaa, ule tunaoupanda uzio! Miiba yake imekaa miwilimiwili, na nilipoikwaruza kidogo ikatoa utomvu mweupe kama maziwa. Kaktasi yenyewe mwiba wake hauoti hivihivi, unatokea kwenye kidoti kidogo chenye manyoya kama sufi, ukikiona hicho umeshaijua. Maziwa peke yake yasikudanganye maana hata mamilaria zingine, zile kaktasi ndogo zenye vichunjua, zinayo, ila ya hawa ndugu wa mnyaa yakiingia jichoni utaimba, linavimba na kuona huoni vizuri, na mtu anakuuzia uweke barazani watoto wanapochezea bila hata kukwambia.

(Na mkonge nao si kaktasi, jamani. Kutoka Mexico umetoka, mwiba unao, yule Mjerumani Hindorf katuletea 1893, lakini si kaktasi. Nimeshagombana na shemeji kwa hili.)

Sasa miche ndo imenimaliza kabisa. Ile kaktasi ya duara kama pipa yenye miiba ya dhahabu, grusoni, wote mnaijua ikiwa kubwa ina matuta wima, lakini ikiwa changa haina matuta, ina vichunjua tupu mwili mzima, utaapa ni mamilaria. Miiba ya utotoni nayo siyo ya ukubwani. Ukishazichanganya ndani ya beseni moja huna ujanja, unangoja zikue, nyingine mpaka zitoe maua, na hiyo grusoni kutoa ua ni miaka na miaka, ntakuwa nishazeeka.

Kwa hiyo nyie mnaosia mbegu, andikeni siku ileile mnayosia, na mwandike kwa penseli, makapeni ni hasara. Kama jina hamlijui basi andikeni mbegu mmeitoa kwa nani, hata hiyo inasaidia.

Mtauliza hicho kijiti cha penseli kimeandikwaje. Kimeandikwa "ya jirani, irudishwe". Jirani gani, sijui, nimeshagonga milango minne.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga