Mwulizeni mwandishi kijana kuhusu kurasa alizozifuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni juu ya makala mliyochapisha karibuni kumhusu mwandishi kijana wa riwaya za fantasia, yaani hadithi za ulimwengu wa kubuni wenye uchawi. Makala ilisomeka vizuri, na kijana mwenyewe alistahili kuandikwa. Ila maswali aliyoulizwa yalizunguka mambo mawili tu, yaani umri wake na mahali anapoyapata mawazo yake. Kazi yangu ni kuhariri miswada, na mingi inayonifikia siku hizi ni ya fantasia iliyoandikwa na vijana, kwa hiyo nathubutu kusema kwamba maswali hayo mawili ndiyo yenye faida ndogo zaidi kwa msomaji ambaye naye anatamani kuandika. Swali ambalo lingemfaa ni hili: rasimu ya kwanza ilipokwisha, ulibadilisha nini, na kwa sababu gani?

Umri ndio unaopambwa kuliko yote. Akitajwa mwandishi kijana wa fantasia, mara nyingi hutajwa pia Christopher Paolini, Mmarekani aliyeanza kuandika Eragon akiwa na umri wa miaka 15, na kisa chake husimuliwa kana kwamba riwaya ile alishushiwa usiku akaamka nayo mkononi. Kinachoachwa ni kwamba rasimu ya kwanza ilimchukua takriban mwaka mzima, kwamba alipoisoma hakuridhika nayo akautumia mwaka uliofuata kuiandika upya, na kwamba wazazi wake walishiriki kuihariri kabla ya familia kuichapisha yenyewe mwaka 2002. Kampuni ya uchapishaji ya Knopf ilipoichukua na kuitoa tena mwaka 2003, ilihaririwa kwa mara nyingine. Kijana anayesoma habari ya miaka 15 bila kusoma habari ya marudio hayo hujiona amechelewa akiwa na miaka 20, na hukimbilia kuchapisha mswada ambao bado ni mbichi.

Ipo pia dhana kwamba fantasia ni rahisi kwa kuwa ndani yake kila jambo linaruhusiwa. Naona mambo ni kinyume kabisa. Katika riwaya ya maisha ya kawaida, msomaji huja na kanuni za dunia kichwani mwake: anajua kwamba moto huunguza na kwamba aliyekufa harudi. Mwandishi wa fantasia akiifuta mojawapo ya kanuni hizo, inambidi aweke nyingine mahali pake na kuifuata mpaka ukurasa wa mwisho, hata pale inapomzuia kumwokoa mhusika anayempenda. Mchawi anayeweza kila kitu hana hadithi ya kusimuliwa, maana shida yoyote itakayomkuta ataimaliza kwa tamko moja. Shaaban Robert alilijua jambo hili vyema. Katika Adili na Nduguze, jini Huria anawageuza ndugu zake Adili kuwa nyani, lakini mambo hayaishii hapo: Adili anaamriwa awachape viboko kila usiku, naye ndiye anayewahurumia kuliko mtu mwingine yeyote. Uchawi ule una sharti, na sharti lenyewe lina maumivu kwa asiye na kosa, ndiyo maana msomaji haweki kitabu chini mpaka ajue kilichotokea baina ya ndugu hao. Ninapoupokea mswada wa kijana, jambo la kwanza ninalolitafuta ni gharama ya uchawi wake na nani anayeilipa.

Jambo la pili ni ramani. Waandishi vijana wa fantasia hupenda kuchora ramani, kupanga nasaba za wafalme, kubuni kalenda na hata lugha, na wapo wanaokaa miaka katika maandalizi hayo bila kuandika sura ya kwanza. Sisemi ramani ni kazi bure. Ndiyo inayomzuia mwandishi asimvushe mhusika jangwa kwa siku moja katika sura ya nne na kwa siku kumi katika sura ya tisa. Kosa ni kudhani kwamba kila kilichobuniwa lazima msomaji akipate. Kusadikika, nchi ya angani ambayo Shaaban Robert aliitoa kwa wasomaji mwaka 1951, twaijua zaidi kwa njia ya kesi ya Karama: mashtaka yanayomkabili, utetezi wake, na visa vya wajumbe waliotumwa nchi jirani wakarudi kuteswa badala ya kusikilizwa. Nchi inajengeka huku kesi ikiendelea. Ningependa kila kijana anayeniletea kurasa thelathini za historia ya ufalme wake kabla ya mhusika yeyote kufungua kinywa akisome kitabu hicho kwa jicho la fundi.

Kuna wanaopanga msuko wote kabla ya kuanza na kuna wanaougundua njiani, nami sioni sababu ya kuwalazimisha wote wafuate njia moja. Wote wawili hufika mahali pamoja: katikati ya mswada, ambapo uchangamfu wa mwanzo umekwisha, mwisho hauonekani, na wazo la ulimwengu mwingine mpya linaanza kumwita mwandishi. Miswada mingi hufia hapo. Anayevuka hujifunza kwamba kufuta ni sehemu ya kutunga. Mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien alianza kitabu chake cha fantasia, The Lord of the Rings, mwishoni mwa mwaka 1937, nacho kikachapishwa mwaka 1954 na 1955. Katika rasimu za mwanzo, yule msafiri wa nyikani ambaye mwishowe ndiye mfalme Aragorn alikuwa hobiti, yaani mmoja wa watu wafupi aliowabuni Tolkien, mwenye viatu vya mbao. Angeng'ang'ania alichokiandika kwanza, mfalme yule asingezaliwa.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na desturi ya kuweka riwaya mtandaoni sura kwa sura kila wiki. Ina manufaa yake, kwani kijana hupata wasomaji na nidhamu ya kuandika kwa ratiba. Hata hivyo, sura ya tatu ikishasomwa na mamia, ni vigumu kuirudia pale sura ya ishirini inapodhihirisha kwamba mhusika fulani hakuhitajika. Na msomaji anayedai mwendelezo leo hampi mwandishi siku mbili za kusoma mazungumzo yake kwa sauti, zoezi ambalo kwa uzoefu wangu hufichua udhaifu mwingi kuliko ushauri wowote wa mhariri.

Kwa hiyo ninalo ombi moja, Mhariri. Mtakapomhoji tena mwandishi kijana, mwombeni ukurasa mmoja wa rasimu yake ya kwanza, muuchapishe kando ya ukurasa ule ule kama ulivyotokea kitabuni, kisha mwacheni aeleze kwa maneno yake kila alichokiondoa. Picha yake inaweza kupunguzwa ili nafasi ipatikane.

Wako,
Mhariri wa miswada