Kwa Nini Ankara Yetu Ina Saa za Makaratasi

Malalamiko tunayoyapata mara nyingi zaidi katika karakana yetu ya ndege hapa Arusha yanahusu mstari mmoja wa ankara, ule ulioandikwa "ukaguzi wa kumbukumbu". Hivi karibuni mteja mmoja, mmiliki wa ndege ndogo ya Cessna 206 inayopeleka watalii Serengeti, alitueleza waziwazi kwamba anajiona ametapeliwa: alileta ndege kwa ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka, mafundi wakaishughulikia kwa siku mbili, kisha akakuta ametozwa pia karibu siku nzima ya mtu aliyekuwa amekaa mezani akisoma vitabu. Tunamheshimu mteja huyo na tunauelewa uchungu wake, kwa kuwa ndege iliyolala hanga haiingizi kitu, wala benki haisubiri. Hata hivyo bei ile ni halali, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuuliza, tumeona ni vyema tuwaeleze wateja wetu wote kazi inayofanyika pale mezani.

Kila ndege inakuja na vitabu vyake: cha bodi, cha injini na cha propela. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba vyote vinakubaliana kuhusu saa, na mara nyingi havikubaliani. Ndege nyingi ndogo zina vipima saa viwili. Kimoja hufuata mzunguko wa injini, hivyo injini ikizunguka polepole nacho huenda polepole. Kingine huhesabu saa kamili injini ikiwa inafanya kazi. Rubani mmoja akiandika kutoka hiki na mwenzake kutoka kile, baada ya msimu mmoja wa utalii pengo linakuwa kubwa, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni lini magneto, vifaa vinavyoipa injini cheche, zilifikisha saa 500 zake za ukaguzi. Mtu wetu inabidi arudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka apate mahali hesabu zilipoachana.

Baada ya hapo hupitia maagizo ya lazima ya usalama yanayotolewa na nchi iliyoidhinisha muundo wa ndege. Kwa Cessna tunazozihudumia, agizo ambalo wamiliki hulidharau kuliko yote ni la reli za viti. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza reli hizo, pamoja na pini na rola zake, zikaguliwe kila saa 100 au kila miezi 12, lolote litakalotangulia, kwa sababu tundu la reli likilika pini haishiki, kiti huteleza nyuma ndege inapoinua pua, na rubani anayetafuta cha kushika hushika usukani na kuuvuta, pua ikazidi kuinuka. Kukagua reli huchukua muda mfupi. Bila maandishi yanayosema nani alikagua, lini, na ndege ikiwa na saa ngapi, ukaguzi huo kisheria haukufanyika, nasi hatuwezi kuusaini kwa niaba ya fundi tusiyemjua.

Njia ya mkato tunayoombwa mara nyingi ni hii: fundi anayefahamiana na mwenye ndege afanye kazi huko huko kiwanjani, kisha sisi "tuweke saini tu". Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, silinda ya injini yake ilipoteza mgandamizo akiwa kwenye kiwanja cha udongo mbali na mji. Silinda ikabadilishwa kwa siku moja, ndege ikarudi kazini, na hakuna aliyeandika neno kitabuni. Ilipoletwa kwetu kwa ukaguzi wa kawaida, fundi wetu alifungua vifuniko vya injini akaona tofauti ndogo. Nati za silinda tano zilikuwa na mstari wa rangi ya chungwa, ule tunaouchora kutoka kwenye nati hadi kwenye bodi ya injini tukishakaza kwa spana ya kipimo, ili nati ikilegea mstari ukatike na jicho lione. Nati za silinda ya sita hazikuwa na mstari wowote, na zilikuwa zimekazwa juu ya rangi mbichi iliyojikunja chini yake. Katika injini za aina ile baadhi ya bolti hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili, nazo ndizo zinazobana nusu mbili za injini pamoja na beringi za kranki. Rangi iliyo chini ya nati hupunguza mbano, na mbano ukipungua, beringi inaweza kuzunguka mahali pake na kuziba tundu lake la oili. Tulipokata chujio la oili tukakuta chembe za chuma, na ikabidi injini ishushwe. Mzee alidhani tunamtafutia kazi, mpaka tulipomwita akaziona chembe zile kwa macho yake juu ya kitambaa cheupe.

Wapo wanaotuambia kwamba fundi mzoefu hahitaji kitabu. Tunawaomba waitazame ajali ya British Airways ya tarehe 10 Juni 1990. Ndege ya BAC One-Eleven iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga, na ilipofika futi 17,300 kioo cha mbele cha upande wa rubani kiling'oka. Rubani alivutwa nje hadi kiunoni, wahudumu wakamshikilia miguu, na rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton. Wote walinusurika. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari, na aliyekibadilisha alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mzoefu anayeheshimika kwa kazi yake. Alichagua bolti kwa kulinganisha na zile za zamani kwa macho, usiku, mahali penye mwanga hafifu, ilhali namba sahihi ilikuwa kwenye katalogi ya vipuri. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tena kwa chini ya milimita moja. Kazi hiyo wakati ule haikuhesabiwa kuwa ya kuhitaji ukaguzi wa mtu wa pili, kwa hiyo aliifanya peke yake na kuisaini peke yake. Mteja anapotuuliza kwa nini analipia watu wawili kukagua kebo za usukani zilizofungwa na mmoja, jibu letu ni hilo.

Ajali ya Continental Express ya tarehe 11 Septemba 1991 huko Texas inatuuma zaidi, kwa sababu ilitokana na maandishi yaliyokosekana tu. Skrubu 47 za juu za ukingo wa mbele wa bawa la mkia, upande wa kushoto, zilitolewa na zamu moja. Makabidhiano hayakueleza hivyo. Zamu iliyofuata ikairuhusu ndege kuruka, na watu 14 wakafa. Ndiyo maana kwetu fundi haondoki hanga kabla hajaandika alipoishia, hata kama gari la kumpeleka nyumbani linapiga honi nje.

Kuhusu vipuri vya bei rahisi vya mtandaoni, hatuvifungi bila cheti chake cha asili, hata kikionekana kipya namna gani. Mwaka 2023 mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani yalilazimika kushusha injini baada ya kubainika kwamba wakala mmoja wa London aliuza vipuri vya CFM56, injini za ndege kubwa za abiria, kwa vyeti vya kughushi. Ikiwa wao walipitiwa, sisi hatuwezi kutegemea macho peke yake. Mwenye Cessna Caravan, ndege ya injini ya turbini, aangalie zaidi: diski za turbini zina ukomo wa mizunguko, yaani idadi ya safari za kuwashwa, kuruka na kuzimwa, na diski isiyo na historia kamili haikubaliki kurudishwa kazini, hata ingekuwa haijalika hata kidogo.

Anayesaini kwamba ndege inafaa kurudi kazini hutumia leseni yake mwenyewe, na ndiye atakayeitwa kujibu mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa hiyo hatusaini tarehe ya nyuma wala kazi ambayo hatukuiona, hata kwa mteja wa miaka mingi.

Gharama ya mezani inaweza kupungua, na mwenye uwezo wa kuipunguza ni mteja. Marubani wako wote waandike saa kutoka kipima saa kimoja, kile ambacho vitabu vya ndege vinakifuata. Kazi yoyote inayofanyika nje iandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya kipuri, namba ya leseni ya fundi na saini yake, na vyeti vya vipuri vihifadhiwe ndani ya jalada la ndege. Vitabu vitufikie wiki moja kabla ya ndege yenyewe, ili kasoro zipatikane wakati bado unaruka na kuingiza fedha. Tunatoza kwa saa tulizotumia, na wateja wanaofanya hivyo wanaliona hilo kwenye ankara zao.