Miche ya kaliandra iko tayari

Wafugaji wenzangu, hamjambo. Miche ya kaliandra, mti ambao majani yake ni lishe ya ng'ombe, imekomaa kitaluni, njooni Jumamosi asubuhi na vyombo vya kubebea. Ng'ombe mmoja anahitaji miti kama 500. Msishtuke! Inapandwa mpakani na kwenye kingo za matuta, mahindi hayaguswi. Kilo 3 za majani mabichi zinafanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na bei yake mnaijua.

Subirini karibu mwaka ndipo muikate, mkiacha shina la kama mita 1. Wapeni ng'ombe majani yakiwa mabichi, pamoja na nyasi za nepia. Yangu niliyaacha yakanyauka, ng'ombe akayanusa, akageuza kichwa. Yasizidi theluthi ya lishe. Mama Wanja, miche yako nimekuwekea kando.