Kwa vijana wetu mlioko vijijini Ayalandi: kaeni na wazee wa hapo

Wanangu mlioko huku magharibi, Galway, Mayo, Kerry na Donegal, hamjambo? Naandika kama mama yenu, huku nimekaa miaka mingi kabla yenu. Nasikia mkitoka kazini ni ndani na simu tu, jirani mzee hata jina hamjui, alafu mnasema watu wa huku wagumu. Jamani, hamjakaa nao.

Methali kwa lugha yao, Kiayalandi, wanaita seanfhocal, yaani neno la kale. Nnayoipenda kuliko zote ni Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine, watu huishi kwenye kivuli cha wenzao. Mwanzoni nilishangaa, kivuli cha nini na jua lenyewe la kutafuta? Mpaka jirani yangu mmoja mzee akanielewesha kwamba scáth ni kivuli na pia ni kinga, pale ambapo upepo wa baharini haukupati kwa sababu mwenzio kasimama upande unaotokea. Na walikuwa wanaiishi kweli, walikuwa na kitu kinaitwa meitheal, kama msaragambo wa kwetu, siku ya mavuno au ya kukata ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukausha na kuchoma kama kuni, majirani wote wanakuja kwako, kesho mnahamia kwa mwingine, hakuna cha hela ni chakula tu.

Lugha yenyewe iliteswa. Njaa kuu ya 1845 mpaka 1852 iliua watu kama milioni moja, wengi wa vijijini huko huko magharibi walikokuwa wakiiongea, na shuleni mtoto alivishwa kijiti shingoni, akiongea Kiayalandi kinachongwa alama, baadae fimbo kwa hesabu ya alama. Mliosoma Kenya mkavishwa kidude kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani hapo sina haja ya kueleza.

Kwa hiyo, mambo ya wazee yasije yakapotea, mwaka 1937 hadi 1939 watoto wa shule za msingi kama 50,000 walitumwa wakiwa na madaftari wakawaulize bibi na babu zao, methali, dawa, hadithi, kila kitu, na leo mnaweza kuyasoma bure mtandaoni. Yani hata wenyewe ilibidi watumwe!

Basi na mimi nawatuma. Mkija kwangu kula pilau, kila mmoja aje na methali moja aliyoipata kwa mdomo wa jirani, sio kwenye simu, na aniambie huyo jirani alikuwa anafanya nini alipoisema.