Risala ya Wanafunzi Wanaojitolea Kwenye Uchimbaji wa Akiolojia, Siku ya Wazi kwa Umma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kiongozi wa uchimbaji na wataalamu wako,
Walimu, wazazi na majirani wa eneo hili,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye siku ya wazi. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko, na zaidi kwa kukubali kusimama juani kando ya shimo badala ya kungoja hemani usomewe karatasi. Si wageni rasmi wote huwa hivyo.

Sisi ni wanafunzi tunaojitolea hapa. Tunabeba ndoo za udongo, tunachekecha, tunaosha vigae, tunaandika lebo, na siku kama ya leo tunawapitisha wageni kwenye njia iliyozungushiwa kamba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni kwamba siku za wazi ziendelee kufanyika shimo likiwa bado linachimbwa. Wapo wanaoshauri watu waitwe kazi ikishaisha, ili wataalamu wasisumbuliwe. Tunawaelewa, ila hatukubaliani nao. Kuchimba ni kuharibu. Tabaka likishakwanguliwa kwa mwiko halirudi tena, na kinachobaki ni michoro, picha, vipimo na vitu vilivyofungwa mifukoni. Atakayekuja shimo limefukiwa ataoneshwa nyasi na bango.

Aliyekuja leo ameuona ule mstari mweusi kwenye ukuta wa shimo, mwembamba upande mmoja, mnene upande wa pili. Ni majivu na mkaa wa moto uliowashwa na watu. Mkaa ule huokotwa kwa kibano na kufungwa kwenye karatasi ya alumini, bila kuguswa kwa mkono. Ili kujua umri wake, maabara itapima kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi, iliyobaki ndani yake, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Njia hiyo ndiyo iliyompatia mkemia Mmarekani Willard Libby Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1960. Mafuta ya vidole yanaweza kuichafua sampuli, kwa hiyo tuliowakemea asubuhi watusamehe. Na kwa kuwa swali hili halikosi kuulizwa: jiwe halipimwi umri kwa njia hii. Hupimwa kitu kilichowahi kuwa na uhai, kama mti, mfupa au gamba la konokono.

Umma ukiona, mambo hubadilika. Mwaka 1954 jijini London, kwenye kiwanja kilichobomolewa na mabomu ya vita na kilichokuwa kikisubiri jengo jipya, wachimbaji walikuta hekalu la Kirumi la mungu Mithras. Habari za kichwa chake cha marumaru zilipotoka magazetini, watu walipanga foleni mitaani. Inakadiriwa walifika 400,000. Suala likafika hadi kwenye baraza la mawaziri. Jengo lilijengwa, lakini mawe ya hekalu hayakutupwa, na tangu mwaka 2017 yanaonekana tena karibu kabisa na yalipokutwa. Sisi hatuombi foleni ya namna ile, maana choo tulichonacho ni kimoja.

Wageni nao hutuletea elimu. Mama mmoja mfinyanzi alishika kigae cha mdomo wa chungu, akakigeuza, akaweka kucha yake kwenye vile vialama vilivyojipanga shingoni. Kwenye fomu viliandikwa kuwa ni mapambo. Yeye akasema mtu alikuwa anagandamiza udongo ili mdomo ushikamane na shingo, na akatuonesha mahali ambapo kidole kiliteleza. Jioni ile fomu iliongezwa maelezo yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto inayotuumiza ni ya dhahabu. Watu huuliza iko wapi, tunajibu hatujaiona, wanatabasamu. Kisha usiku mtu huja na jembe. Pale nyuma ya hema pana shimo ambalo si letu, na vigae vimetapanyika juu ya udongo, havijulikani vilikuwa tabaka gani. Huko Kilwa Kisiwani kigae cha sahani ya China kinaeleza biashara ya baharini kwa sababu imeandikwa kilikutwa wapi na pamoja na nini. Kikitiwa mfukoni kinakuwa sahani iliyovunjika tu. Tumeona kwamba walioshika chekeche wenyewe, wakaokota ushanga mdogo kama punje ya mtama na kuuona unaandikiwa lebo, ndio wanaotutaarifu mapema wakiona nyayo ngeni.

Kwa hiyo tunaomba machekeche zaidi, yenye matundu madogo, ili wageni wachekeche badala ya kutazama tu. Tunaomba njia ya mbao watakayopita wazee na wenye viti vya magurudumu. Tunaomba siku ya wazi iwe siku ya mapumziko, maana wenye vibarua hawajawahi kuja. Na majibu ya maabara yakifika, hata kama ni baada ya mwaka, yasomwe hapa hapa mbele ya majirani kabla ya kwenda kwenye makongamano.

Baada ya risala, chekeche la kwanza tumekuwekea wewe. Ndoo imetoka kwenye ule mstari mweusi.

Tunaomba kuwasilisha.