Turudishieni ule mstari wa kujikongoja

Mhariri,

Juzi mtangazaji mmoja wa redio aliutambulisha wimbo "Have Yourself a Merry Little Christmas" kuwa ni wa Frank Sinatra, tena wa furaha tupu. Amekosea mara mbili.

Wa kwanza kuuimba ni Judy Garland, katika sinema ya Meet Me in St. Louis ya mwaka 1944. Watunzi waliosajiliwa ni Hugh Martin na Ralph Blane, ingawa Martin alikuja kusema aliutunga peke yake. Kwenye hadithi, baba anataka kuihamishia familia New York. Usiku wa mkesha, binti mdogo Tootie yuko dirishani akihofia Baba Krismasi hatawaona huko waendako. Dada mtu anamwimbia kumbembeleza. Habembelezeki! Anatoka mbio na nguo za kulalia, anazivunjavunja sanamu za theluji uani, huku analia.

Na hayo ni maneno yaliyokwisha kulainishwa. Mashairi ya awali yalisema huenda hii ikawa Krismasi yenu ya mwisho. Garland aligoma: kumwimbia mtoto hivyo, watazamaji wangemwona katili. Martin akakaza shingo, mpaka mwigizaji Tom Drake alipomkalisha chini, ndipo akaandika upya. Ila aliacha mstari mmoja: mpaka tutakapokutana tena, itabidi tujikongoje hivyo hivyo. Ulikuwa wakati wa vita, na nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na kijana aliye mbali.

Sinatra naye alikuja kuurekodi, lakini mwaka 1957, akiandaa albamu ya A Jolly Christmas, alimwomba Martin auchangamshe. Ndipo kujikongoja kukaondolewa, ikawekwa nyota ya kutundika kwenye tawi la juu. Sauti yake sina ugomvi nayo. Nyota, kwangu, ni pambo tu.

Mwanangu yuko kazini Doha, harudi mpaka Machi. Krismasi iliyopita tulikula pilau simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mtandao ukikatika kila akianza kucheka. Wakipanga nyimbo za tarehe 24, naomba wapige na ule wa Garland, hata mara moja, kabla hatujapakua.

Msomaji wenu,
Tanga