Watunzi hawakatai redio kwa maringo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Korogwe aliyeandika wiki iliyopita kwamba watunzi wa mashairi wakiitwa redioni hukataa kwa maringo, akimlalamikia mzee mmoja bila kumtaja jina. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na mashairi nayatuma magazetini tangu usichana wangu. Wengi wa watunzi anaowasema nawafahamu. Maringo hawana. Wana woga, tena woga wenye sababu, na dawa yake ipo.

Tuangalie kwanza tumelelewa vipi. Ushairi wa magazetini ni wa kalamu na bahasha. Tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na ambalo Shaaban Robert wetu wa hapa Tanga aliliandikia, mtunzi hukaa na shairi lake mpaka liive. Anahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa vidole, anafuta, anaandika upya, mwisho anatia lakabu, yaani jina lake la kutungia, na sanduku la posta. Ukinichokoza kwa shairi leo, jibu langu utalisoma wiki kadhaa baadaye, nimeshalichuja. Sasa mtu wa namna hiyo unampigia simu asubuhi, jioni yuko mbele ya kipaza sauti, anaulizwa asilolitarajia na anatakiwa ajibu papo hapo, kwa jina lake la kuzaliwa, mji mzima unasikiliza. Nani asitetemeke?

Kwa sisi wanawake kuna la ziada, na hapa naomba nieleweke. Mwanamume akitunga shairi la mapenzi anasifiwa vina. Mwanamke akilitunga anaulizwa ni nani huyo. Nilipoalikwa mara ya kwanza na redio moja ya hapa mkoani, shairi lililonipeleka lilikuwa na ubeti huu:

Sindano imekatika, uzi wanitelekeza,
Kitambaa chachanika, nani wa kuniongoza?
Taa nayo yazimika, sioni pa kupenyeza,
Pole pole nitafika, kushona sitapuuza.

Tangu nilipopokea ule mwaliko nilikuwa na tumbo joto. Kusahau maneno sikukuhofia. Nilihofia swali moja tu: "Mama, aliyekutelekeza ni nani?" Mume wangu ninaye, na mawifi zangu wanasikiliza redio hiyo hiyo jikoni. Shemeji yangu mmoja alikuwa ameshasema kwamba sauti ya mke wa mtu haina kazi hewani. Nilimjibu kwa heshima kwamba Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, Unguja, aliyekuja kuwa mwimbaji wa taarabu, alikwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikapigwa mwambao wote, majumbani mwa watu wenye heshima zao. Hakusema tena. Lakini kushinda hoja ni jambo moja, na moyo kuacha kwenda mbio ni jambo lingine.

Aliyenisaidia ni binti aliyekuja kunihoji. Siku moja kabla ya kipindi alifika dukani, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniuliza ule ubeti niliutunga vipi. Nikamweleza. Usiku mmoja nilikuwa nashona gauni la biharusi, sindano ikakatikia kwenye pindo. Nikiwa napekua kopo kutafuta nyingine, umeme ukakatika. Nimekaa gizani na kitambaa cha watu mapajani, harusi kesho kutwa, mshororo wa kwanza ukaja wenyewe. Nikamwambia pia kwamba katika mshororo wa tatu nilitaka kuandika "taa nayo imezimika", mizani ikawa tisa, nikapunguza ikawa "yazimika", na nikaona shairi limenufaika, kwa sababu sasa taa inazimika msomaji akiwa yupo. Nilizungumza mpaka chai ikapoa. Binti akasema, "Mama, haya haya ndiyo nitakayokuuliza kesho. Ya nyumbani kwako hayanihusu." Usiku ule nililala.

La pili alilolifanya ni kubwa zaidi, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Hakuanza na "hebu wajulishe wasikilizaji wewe ni nani". Alinitambulisha yeye mwenyewe kwa maneno machache, akaniomba nighani, yaani nilisome shairi kwa mahadhi. Anayeghani anajua mwili unavyofanya. Mshororo wa shairi langu una mizani 16. Unavuta pumzi, unatoa nane, unatua kidogo kwenye kina cha kati, unatoa nane nyingine. Huwezi kughani huku unahema juu juu, sauti itakukatikia. Chumba kilikuwa cha baridi, vipokea sauti vinanibana masikio, nyuma ya kioo kijana wa mitambo ananipa ishara kwa kidole, na mikono yangu haitulii juu ya daftari ambalo wala sikulihitaji, kwa maana ubeti naujua kwa moyo. Mishororo miwili ya mwanzo sauti ilikuwa nyembamba. Nilipofika "kushona sitapuuza" pumzi imekaa sawa na vidole vimetulia. Swali la kwanza lilinikuta nikiwa yule yule wa dukani.

Nimewahi pia kukaa mbele ya mtangazaji wa kituo kingine aliyeanza na darasa nililoishia, akaja kwenye idadi ya watoto, halafu ndipo akakumbuka kwamba mimi ni mtunzi. Kufikia hapo ulimi umeshakuwa mzito. Mwanangu aliyesikiliza nyumbani alisema hakuitambua sauti yangu. Mtunzi ni yule yule, mashairi ni yale yale.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji na waandishi, kabla hamjatuita wenye maringo, nawaomba mtupigie simu siku moja kabla mtuambie swali la kwanza tu, hayo mengine tutayapokea yakija. Anzeni na kazi. Mchoraji aanze na picha yake, mchongaji na gogo lake, sisi tuanze kwa kughani. Maisha yetu yatajitokeza humo humo, kwa kadiri tunavyopenda wenyewe.

Na wenzangu watunzi, hasa kina mama, msikatae. Zipo simu siku hizi. Jirekodi ukighani, ujisikilize, sauti yako uizoee. Ukifika, mweleze mtangazaji mapema yale usiyotaka yaguswe, na akiyagusa mwambie kwa upole kwamba hilo hutalijibu. Hakuna sheria inayokulazimisha.

Msomaji wa Korogwe hakumtaja mzee anayemlalamikia, ila kwa maelezo yake nadhani namjua. Majibizano yake ya mashairi tumeyafuata miaka mingi katika kurasa hizi, na wengi wetu tulijifunza vina kwake. Msimwite studio kwanza. Nendeni kwake na kinasa sauti, mkae naye barazani, mumwombe aghani ubeti wowote anaoupenda, ndipo mumwulize aliutunga vipi.

Mwana Sindano,
Ngamiani, Tanga.